Shafti iliyofaulu kwenye kompyuta ikakatika shambani

Wiki jana kijana mmoja wa Masindi, Uganda, ameniandikia: "Kaka, shafti ya mashine yangu ya kupukuchua mahindi nimeijaribu kwenye kompyuta, inahimili mara tatu ya mzigo wake. Nichomelee?" Moyo ulinidunda. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi.

Shafti yangu ya kwanza, ile neli ya chuma inayopeleka mzunguko wa trekta hadi kwenye mashine, niliipigia hesabu sawasawa: kilowati 30, mizunguko 540 kwa dakika, msokoto (nguvu ya kuzungusha) niutoni-mita 530. Programu ikanionyesha buluu tupu, rangi ya usalama, nikajiona mhandisi. Wiki ya tatu, shambani Bweyale, mahindi mabichi yakakwama, ngoma ya kupukuchulia ikasimama ghafla huku trekta inasukuma. Shafti ikakatika pale nilipochomelea. Namshukuru Mungu hakuumia mtu. Mwenye shamba hakunilipa, na hadi leo tukikutana sokoni anageuza uso. Bado inaniuma.

Kile kipande niliondoka nacho. Sehemu kubwa ya mkatiko ilikuwa laini, yenye mistari kama pete za gogo. Pembeni tu palikuwa na chembechembe zinazong'aa. Yaani ufa ulikuwa unatembea siku nyingi, ule mkwamo ulimalizia tu. Kosa langu lilikuwa kwenye uma mbili za neli, zile panda za chuma kwenye ncha zake zinazoshika krosi, kiungo cha msalaba kinachoruhusu shafti kupinda: nilizichomelea zikiwa hazijalingana mkao. Krosi ikipinda nyuzi 30, mwendo wa upande wa pili hupungua asilimia 13 na kuzidi asilimia 15, mara mbili kila mzunguko. Kwa 540, hiyo ni mara 18 kwa sekunde! Uma zikilingana na pembe zikiwa sawa, krosi ya pili hufuta vurugu ya ya kwanza. Mimi kompyuta niliipa shafti iliyonyooka na mzigo usiobadilika, nayo ikanijibu nilichouliza.

Vijana, acheni kuabudu rangi za skrini. Ingizeni pembe, ingizeni na mkwamo. Kisha shafti yenyewe ijaribuni kwa mikono: bana ncha moja, nyingine ifunge mkono wa chuma wa mita 1, chora mstari wa chaki kwenye neli, halafu ning'iniza taratibu magunia mawili ya kilo 50 kwenye ncha ya mkono huo. Hapo umekaribia mara mbili ya 530. Ukishusha mzigo na chaki isinyooke, chuma kimeshalegea. Ila jaribio hilo halionyeshi uchovu wa chuma, yaani ufa unaokua polepole, kwa hiyo kagua weldi kila jioni, na usiwashe bila kifuniko na bolti ya kukatika, ile inayokatika kwanza mashine ikikwama.

Wewe wa Masindi, usichomelee bado. Nitumie kwanza picha ya uma zote mbili, uipige ukiwa umesimama ncha moja ya neli.