Mwanangu, kabla hujauza A7 III yako

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma haraka haraka mara ya kwanza, kisha nikairudia taratibu, maana umeuliza jambo linalogusa kazi yako na akiba yako kwa pamoja. Unasema una kamera ya Sony A7 III, unapiga harusi na picha za familia, wenzako wengi wamehamia A7 IV, na sasa amejitokeza mtu anayeitaka ya kwako. Unauliza: uiuze, uongezee fedha, uchukue hiyo mpya, au ubaki na uliyonayo?

Usiiuze sasa. Nunua lenzi. Ipo hali moja inayoweza kuligeuza jibu hili, nayo ni video; nitaifikia.

Nimefika hapo kwa kuzitazama zile picha ulizonitumia, hasa zile ulizoandika kwamba zimekuudhi. Ulifanya vizuri kunitumia hizo badala ya zile nzuri. Kabla mtu hajabadilisha kamera, ajiulize ni picha gani aliikosa, na aliikosa kwa sababu ya nini. Asipoweza kuitaja, bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, haitamsaidia. Nimezifungua kwenye kompyuta moja moja, nikatazama na taarifa zilizomo ndani ya faili, kwa sababu kamera huandika kila kitu: kasi ya shata (muda inaoacha mwanga uingie), uwazi wa lenzi (namba ya f; ikiwa ndogo, mwanga mwingi unaingia), ISO (wepesi wa sensa, yaani kidaka mwanga cha kamera; ikipanda, picha inapata chenga), na umbali uliovutia zumu.

Chukua ile ya bibi harusi anayecheza na baba yake ukumbini. Umeipiga kwa ile lenzi ya milimita 28-70 iliyokuja na kamera, zumu imevutwa hadi 70, f/5.6, shata 1/60 ya sekunde, ISO 6400. Uso una chenga na mkono wa bibi harusi una ukungu wa mwendo. Lakini hebu ikuze utazame meza iliyo nyuma yao, pale pembeni kulia: ukingo wa kitambaa umesimama wima na bilauri zinaonekana kali kabisa. Maana yake ni kwamba mkono wako haukutikisika, na kidhibiti mtikisiko cha kamera kilifanya kazi yake. Waliosogea ni wao. Sony wanataja nguvu ya kidhibiti hicho kuwa stopu 5 kwa A7 III na 5.5 kwa A7 IV (kila stopu ni muda wa shata mara mbili), na hata kingekuwa na nguvu mara mbili kisingemsimamisha mtu anayecheza dansi. Anayemsimamisha ni shata ya haraka, na shata ya haraka inadai mwanga.

Sasa mama, nisikilize kwa makini hapa, kwa sababu hesabu hii ndiyo jibu lenyewe. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ile inayoishia f/5.6. Ukiwa na 85mm f/1.8, dansi hiyohiyo, taa zilezile, ungeweza kupiga kwa shata 1/250 na ISO ikashuka hadi 2500 hivi. Mkono ungesimama na ngozi ingetulia, kwenye kamera hiyohiyo unayotaka kuiuza. Kutoka A7 III kwenda A7 IV hupati kitu kinachokaribia hapo. Sensa zote mbili ni za ukubwa uleule wa fremu kamili, na A7 III ya mwaka 2018 ilikuwa tayari nzuri sana gizani. Weka picha mbili za ISO 6400 kutoka kamera hizo, zikiwa zimechapishwa kwa ukubwa mmoja, na itakubidi uinamie karatasi kutafuta tofauti.

Usije ukafikiri lenzi yenye uwazi mkubwa haina masharti. Kwenye f/1.8 ukiwa karibu, jicho la mmoja likishika, la mwenzake aliyesimama nusu hatua nyuma linaweza kupotea. Kwa watu wawili funga hadi f/2.8, bado utakuwa na mwanga mara nne ya ule wa f/5.6. Halafu 85mm inahitaji nafasi ya kurudi nyuma, na vyumba vya kuvalia bibi harusi mara nyingi ni vidogo. Kwa hiyo kabla ya kununua, zipange picha zako za harusi kadhaa kwa zile milimita za lenzi, uone mkono wako unapenda kukaa wapi. Kama wingi ni kati ya 28 na 40, chukua 35mm f/1.8. Kama unavuta hadi mwisho kila mara, 85 ndiyo yako. Kwa zile nilizoziona ningekwambia 85, lakini umenichagulia chache tu.

Ile ya pili, ya mtoto mwenye shada la maua, ina shida nyingine kabisa. Mwanga upo wa kutosha. Fokasi imeshika maua badala ya jicho. Umeandika kwamba A7 IV "inashika macho yenyewe" na ya kwako haishiki. Mwanangu, na ya kwako inashika. Mwezi Aprili 2019 Sony walitoa programu endeshi toleo la 3.0 kwa ajili ya A7 III, bure, iliyoleta ufuatiliaji wa jicho papo hapo: ukibonyeza kitufe cha shata nusu, kamera inalitafuta jicho na kuling'ang'ania. Kabla ya hapo ilibidi utenge kitufe maalumu na ukishikilie. Kamera yako uliinunua mkononi kwa mtu, kwa hiyo ingia kwenye menyu uangalie imeandikwa toleo gani. Ikiwa ni chini ya 3.0, chukua programu kwenye tovuti ya Sony wenyewe, hakikisha betri imejaa, na usiizime katikati ya kazi. Ikiwa tayari iko juu ya hapo, basi ufuatiliaji wa jicho umezimwa, au eneo la fokasi limewekwa mahali pasipofaa. Naomba ulifanye hili leo hii, kabla ya kumjibu huyo mnunuzi.

Siwezi kukudanganya kwamba A7 IV haiizidi ya kwako kwa kufuatilia jicho. Inaizidi. Haipotezi mtu kirahisi akigeuza shingo au akipita mtu mbele yake, na inatambua hata ndege. Lakini kati ya kamera isiyowashwa uwezo wake na hiyo mpya, na kati ya kamera iliyowashwa uwezo wake na hiyo mpya, ni masafa mawili tofauti sana.

Umegusia pia megapikseli, 24 kwenda 33. Kwa masikio inasikika nyingi. Kwa upande mrefu wa picha ni pikseli 6000 kwenda 7008, yaani ongezeko la kama asilimia 17. Ukichapisha kwa nukta 300 kwa inchi, kipimo cha kitabu cha picha kinachosomwa mkononi, ya kwako inafika sentimita 50 na ushee, ile nyingine 59. Albamu zako hazifiki huko. Na picha nyingi siku hizi zinaishia kwenye skrini. Televisheni ya 4K yenyewe ina pikseli milioni nane na kidogo. Ungekuwa unapiga matangazo, au ndege wa mbali ambao lazima uwakate sana kwenye kuhariri, ningesema maneno mengine.

Kumbuka pia pikseli hizo zinahitaji pa kukaa. Faili ghafi (picha jinsi sensa ilivyoipokea, kabla ya kuhaririwa) isiyobanwa ya A7 IV ni kama megabaiti 66, ya kwako ni kama 48. Harusi ya picha elfu mbili ni tofauti ya kama gigabaiti 36, na kompyuta yako, kwa maneno yako mwenyewe, inakohoa wakati wa kuhariri. A7 IV inaweza kubana faili bila kupoteza kitu, jambo ambalo A7 III haina, kwa hiyo mzigo unapungua kiasi. Lakini kadi zitajaa mapema, diski itajaa mapema, na fedha za kompyuta hujaziweka kwenye hesabu uliyoniandikia. Betri ni ileile, NP-FZ100, ila kwa kipimo cha watengenezaji wenyewe kwa kutumia skrini, A7 III inapiga picha 710 kwa chaji moja na A7 IV 580. Wengi hawategemei kwamba kamera mpya inaweza kula betri kuliko ya zamani.

Sasa video.

Kwenye barua umeandika kwa kupita tu, kama jambo dogo, kwamba wateja wawili wameulizia kama unachukua na video. Kwangu hilo ndilo zito kuliko yote uliyoandika. Kwenye picha za mnato kamera hizi ni ndugu wa karibu. Kwenye video zimeachana mbali. A7 III inajikata yenyewe ikifika kama dakika 29, na hotuba ya mzee mmoja tu inaweza kupita hapo. A7 IV haina ukomo huo. Ufuatiliaji wa jicho niliousifu hapo juu, kwenye A7 III haufanyi kazi ukirekodi video, unabaki na utambuzi wa uso tu. Kwenye A7 IV unafanya kazi. Skrini yako inainama juu na chini, ile inafunguka pembeni na kuzunguka, kwa hiyo ukiinua kamera juu ya vichwa vya watu au ukiishusha sakafuni bado unaona. Inarekodi 4K ya fremu 60 kwa sekunde, ingawa hapo inakata ukingo wa picha na lenzi zako zitaonekana kama zimevutwa zaidi.

Kisha kuna rangi. Kamera yako inarekodi video ya biti 8, yaani ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi. A7 IV inarekodi ya biti 10, ngazi 1024. Ukiitoa video jinsi ilivyo hutaiona tofauti. Ukianza kurekebisha rangi, kuinua vivuli vya gauni jeupe kwenye ukuta wa krimu, ndipo biti 8 inapopasuka na ukuta unaota mistari kama ngazi. Hakuna lenzi itakayoliponya hilo.

Kwa hiyo hao wateja wawili warudie. Waulize wanataka video ya namna gani: ya dakika tatu ya kumbukumbu, au sherehe nzima tangu kuingia hadi kufunga? Kama wanataka fupi, A7 III inatosha, na hata video yake ya 1080 (ubora ulio chini ya 4K) ya fremu 120 kwa sekunde itakupa mwendo wa polepole mzuri wa kucheza na shela. Kama ni sherehe nzima, na kama kazi hizo zinakuja kweli, wakiwa wamelipa malipo ya awali, hapo nakubaliana nawe: A7 IV ni chombo cha kazi na itajirudishia. Hata hapo, usiiuze A7 III. Harusi hairudiwi. Mtu anayelipwa kupiga harusi anahitaji bodi mbili, ili moja ikigoma nyingine ishike, na bei atakayokupa huyo mnunuzi haitoshi kufidia utulivu huo. Na kwa kuwa zote zinatumia mlango uleule wa lenzi, 85mm utakayonunua sasa itahamia kwenye bodi yoyote utakayochukua baadaye. Lenzi nzuri hushika bei yake miaka mingi. Bodi hushuka kila toleo jipya linapotoka.

Kabla ya kulipa chochote, ikodi A7 IV kwa siku moja yenye kazi halisi. Usiijaribu sebuleni. Ipeleke ukumbini ukiwa na lenzi yako ya sasa, kisha urudi uziweke picha zake kando ya hizi ulizonitumia.

Umeandika pia kwamba ukisimama karibu na wenzako unajiona mdogo. Hilo limenigusa kuliko habari zote za pikseli. Sitakwambia usijisikie hivyo, kwa sababu najua ukumbi unavyokuwa, kila mtu anatazama kilichoning'inia shingoni mwa mwenzake. Ila ninayaona macho ya watu kwenye picha zako. Yule bibi aliyekaa peke yake mwisho wa safu, akifuta miwani wakati wengine wanapiga vigelegele, wenzako wote walikuwa mle ndani na nadhani hakuna aliyemwona. Ulimwona wewe, kwa 1/60 na ISO 6400. Napenda uwe na lenzi inayokuruhusu kumpiga mtu kama yule bila chenga.

Niandikie namba ya toleo utakayoikuta kwenye menyu, na majibu ya hao wateja wawili. Kama itakuwa ni video, tutakaa pamoja tupige hesabu ya bodi, kadi na diski kwa mara moja, nami nitachangia.

Wasalimie wote nyumbani.

Baba yako