Kabla Hujaita Watu Kuzoa Dampo la Mtaani

Kuondoa lundo la taka kwenye eneo la wazi ni kazi ya asubuhi moja. Vijana wakijitokeza na spika ikiwekwa, kufika saa nne mnapiga picha. Shughuli yenyewe huja wiki inayofuata, lundo likirudi palepale, safari hii na kifusi juu yake. Naishi Dar es Salaam, bonde la Mto Msimbazi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa kwenye kikundi cha kujitolea kinachosafisha kingo za mto na viwanja vya wazi. Nayaandika haya kwa anayetaka kuanzisha kwao na anadhani kinachokosekana ni mafagio.

Kwanza tafuteni gari, watu baadaye. Taka zikishatiwa kwenye salfeti na kupangwa kando ya barabara, halafu gari lisitokee, usiku mbwa wanachana, mvua inasukuma kila kitu mtaroni, na majirani wakiona salfeti zimepangwa wanaleta za kwao. Nenda kwa mtendaji wa mtaa au kwa bwana afya, omba gari kwa barua, kisha chukua namba ya dereva na umpigie mwenyewe jioni ya kuamkia siku hiyo. Ahadi ya ofisini na dereva ni vitu viwili tofauti. Tangu ile 9 Desemba 2015, sherehe za Uhuru zilipofutwa na nchi nzima ikashika mafagio, watu wamezoea kufanya usafi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni siku mbaya ya kutafuta gari, maana kila mtaa unazoa na magari ni yaleyale. Sisi tulihamia Jumamosi ya pili.

Ulizeni pia linakwenda kumwaga wapi. Dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi, na kutoka katikati ya mji ni mbali. Anayewatajia bei rahisi mno kwa gari la kukodi huenda hana mpango wa kufika huko. Mmoja wenu apande gari. Jiji letu lina historia na jambo hili: wakazi wa Tabata walilishtaki mwaka 1988 kwa sababu ya dampo lililokuwa kwao, wakashinda, baadaye taka zikawa zinamwagwa Kunduchi Mtongani, ambako nako kuna watu, na mwaka 1991 hao nao wakaenda Mahakama Kuu na kushinda. Sisi wa kujitolea tunaweza kufanya jambo lilelile kwa udogo, tukasafisha kwetu na kuchafua kwa wenzetu wa Kisarawe au Kinyerezi bila hata kujua.

Sehemu ninayoipenda ni kulisoma lundo. Nenda siku chache kabla, wewe na mwenzako na chepe moja. Ukikuta pampasi, majivu na maganda ya ndizi, ni taka za majumbani, na yaelekea gari la taka haliingii uchochoroni. Vifuu na maganda ya miwa vina wenyewe, na mnawafahamu, mnanunua kwao. Vipande vya tofali na vigae vinaeleza kwamba kuna ujenzi jirani na tipa linakuja usiku. Manyoya ya kuku nayo yana mwenyewe. Kila kundi lina mtu wake wa kuongea naye, na mkikosea mtu mtazoa mpaka mzeeke.

Kuna ukingo mmoja ulioonekana kama udongo tu. Tulipochimba tukakuta chini ya kifusi mifuko ya rambo, ambayo imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na chini yake tena vipakiti vya pombe kali, ambavyo marufuku yake ni ya Machi 2017. Mzee mmoja aliyekuwa akisisitiza kwamba uchafu ule umeletwa na wapangaji wapya ilibidi atafute hoja nyingine.

Waokota makopo waiteni mapema. Wao wanajua nani anatupa na saa ngapi kuliko mjumbe yeyote, na wakitangulia kuchukua chupa, mzigo wa gari unapungua sana. Msiwafukuze eti wanachafua picha.

Usalama nausema kwa haraka kwa sababu hauna mjadala. Glavu ziwe za fundi, zile za hospitali sindano inapita. Vaeni gamboti. Salfeti iliyofungwa msiifungue wala kuikandamiza kwa mkono. Watoto wafagie pembeni, lundo ni la watu wazima wenye chanjo ya pepopunda. Na msichome, moshi wa plastiki unaingia kwenye vyumba vya watu mnaodai kuwasaidia. Malizeni kabla ya masika, maana ikifika Machi Msimbazi hausubiri kikao chenu.

Mkishasafisha, msitegemee kibao. Dar imejaa kuta zilizoandikwa MARUFUKU KUTUPA TAKA HAPA, FAINI 50,000, na taka zimefika usawa wa neno FAINI. Kinachozuia ni watu kupatumia mahali penyewe. Mawe makubwa yazibe njia ya tipa, watoto wapewe kiwanja cha mpira, wazee wawekewe benchi. Uzio siupendi. Nimeona bustani ya jamii iliyozungushiwa mabati ikageuka kiwanja cha mtu. Na kando ya mto msijenge hata kibanda cha kikundi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitenga mita 60 kutoka ukingoni.

Tipa likimwaga, pigeni picha namba ya gari, andikeni saa, mpelekeeni mtendaji. Likirudia, pelekeni NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira. Msiende kumkabili dereva usiku, si kazi yenu. Mwenye mkokoteni ni habari nyingine kabisa. Watu hupenda kumpiga yeye kwa sababu hana gari la kukimbilia, ilhali amelipwa na mwenye nyumba anayejua fika mzigo unakwenda wapi. Muulizeni kwa upole ni mzigo wa nani, kisha kesho yake nendeni na mjumbe kwa huyo mwenyewe.

Kwetu mwenye mkokoteni tuliyemkuta ndiye tuliyempa kazi. Anapita uchochoroni, anachukua taka za nyumba ambazo gari haliwezi kuzifikia, anazitoa barabarani siku ya gari, na kila nyumba inamlipa kidogo. Ukichelewesha hela yake anakudai akiwa getini, kwa sauti, majirani wote wanasikia, na kwa uzoefu wangu hakuna mweka hazina wa kikundi anayekusanya michango vizuri kumzidi.