Barua kwa mwanangu: kitabu cha ujauzito, anza na ukurasa wa malaria

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako kutoka Urambo imefika, na habari ya ujauzito wa mkamwana wangu tumeipokea kwa furaha kubwa. Unauliza mnunue kitabu gani kati ya viwili ulivyoviona dukani Tabora mjini: kile kinene cha Kiingereza kutoka Marekani, chenye picha za rangi, au kile chembamba cha Kiswahili ambacho jalada lake halikukuvutia. Au muache vyote, mtumie lile faili linalozunguka kwenye simu za rafiki zako. Nakujibu kwa kirefu, kwa sababu kitabu kibaya cha ujauzito ni afadhali kukikosa. Kinaweza kumtuliza mtu akalala nyumbani usiku ambao alipaswa kuwa hospitali.

Ukirudi dukani, zipite kwanza picha za mtoto tumboni, utafute ukurasa wa malaria. Mjamzito anaweza kuwa na vimelea vya malaria asisikie homa yoyote, kwa kuwa vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma. Damu ya mama hupungua kimyakimya, na mtoto huzaliwa na uzito mdogo. Kitabu kinachofaa kitasema wazi kwamba kuanzia wiki ya 13 mama hupewa SP, dawa ya kumkinga na malaria, kliniki, vidonge 3 kwa pamoja, akivimeza mbele ya mhudumu. Kwamba hurudia kwa pengo lisilopungua mwezi mmoja mpaka ajifungue. Na kwamba jumla isiwe chini ya mara 3. Kitasema pia kwamba SP haitolewi miezi mitatu ya mwanzo, na kwamba mwenye VVU anayetumia kotrimoksazoli hapewi, kwa sababu dawa hizo mbili ni za ukoo mmoja na madhara yake hujumlishana. Kikisema ni lazima mtu awe amekula kwanza, kimekosea. SP humezwa hata kama hajala, na imani hiyo huwarudisha watu nyumbani bila dozi.

Vitabu vya Marekani na Ulaya, vikiitaja malaria, kwa kawaida huiweka kwenye sura ya safari. Hilo si kosa lao, waliwaandikia watu wa kwao. Lakini wewe unamnunulia mtu anayelala Urambo.

Halafu geuza ukurasa wa mbele uone mwaka wa chapa. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ratiba ya kliniki mwaka 2016: kutoka mahudhurio manne hadi manane, la kwanza kabla ya wiki 12 kutimia, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Kitabu kinachosema mara nne zinatosha kimepitwa. Mwaka 2022 shirika hilohilo lilikubali ALu, ile dawa mseto, itumike kutibu malaria isiyo kali hata miezi mitatu ya mwanzo. Vya zamani vitakuambia kwinini peke yake. Na kikikuelekeza utafute hati punguzo ya chandarua, kifunike. Siku hizi chandarua hutolewa kliniki.

Ukurasa wa tatu wa kuupima ni wa vidonge vya kuongeza damu, na hapa nataka uwe makini kuliko pengine pote. Kipimo cha kila siku ni madini chuma miligramu 30 hadi 60 pamoja na foliki mikrogramu 400. Sasa, kitabu kikiandika "tumia foliki" kikaishia hapo, mtakwenda duka la dawa mtapewa kidonge cha miligramu 5. Hicho ni mikrogramu 5,000, zaidi ya mara 12 ya kinachotakiwa. Kipimo hicho kikubwa kina watu wake, kama mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, na huandikwa na daktari. Ubaya wake kwetu ni kwamba hupunguza nguvu ya SP: dawa inazuia vimelea visitengeneze foliki, nanyi mnaviletea foliki kwa wingi. Kwa hiyo someni maandishi ya kopo kabla ya kulipa. Kitabu kizuri kitaongeza kwamba vidonge hivyo havimezwi kwa chai, kwa sababu chai huzuia madini chuma yasiingie mwilini. Apishe saa moja au mbili, na embe au chungwa husaidia yaingie. Kitamwonya kwamba choo kitakuwa cheusi na huenda akafunga choo, ili asije akavitupa kwa hofu. Na kitazungumza kwa uwazi juu ya udongo wa pemba unaouzwa sokoni, maana nao huzuia madini chuma, mbali na minyoo na risasi inayoweza kuwamo.

Dalili za hatari zikae ukurasa mmoja, mahali ambapo mtu mwenye hofu atapaona saa nane za usiku. Zikiwa zimetawanywa sura hii na ile, hazisaidii. Zisome moja moja: kutoka damu, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, degedege, homa, kupumua kwa shida, maumivu makali ya tumbo, chupa kupasuka kabla ya uchungu, mtoto kupunguza kucheza. Kila moja iwe na neno la kutenda, nalo ni kwenda kituoni sasa. "Subiri uone" isiwepo hata mara moja.

Pima hasa wanavyoeleza kuvimba. Miguu kuvimba jioni baada ya kutwa nzima ya kusimama ni jambo la kawaida. Kuamka asubuhi uso umevimba na pete haitoki kidoleni ni jambo lingine, hasa baada ya wiki ya 20, na kukiongezeka kichwa kuuma au maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, hapo kifafa cha mimba kiko njiani. Presha ya 140 juu ya 90 ndiyo mpaka. Ikifika hapo mkunga hupima protini kwenye mkojo. Kitabu kinachosema tu kwamba wajawazito huvimba, kisha kikaendelea na mavazi, usikilipie hata shilingi.

Angalia kinaishia wapi. Vingi huishia mtoto anapozaliwa, picha ya mama anatabasamu. Lakini saa 24 baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa ya kutoka damu, na kitabu lazima kimwambie mtu kiasi gani ni kingi. Vitabu huandika mililita 500, na hakuna anayeweza kukadiria mililita kwenye shuka gizani. Hapa Kigoma, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, wakunga wa jadi walifundishwa kuhesabu kanga: kanga mbili zikilowa chapachapa, kiasi hicho kimefika. Lakini hicho ni kipimo cha kutambua kwamba mmechelewa. Damu ikichuruzika bila kukata, ondokeni kabla ya kanga ya kwanza kujaa. Kitabu chenye kipimo cha namna hiyo, kitu ambacho mtu anacho mkononi, kimeandikwa na mtu aliyewaza kazi yenyewe.

Tarehe nayo huleta utata. Wiki 40 huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Chukua siku hiyo, ongeza 7, rudi nyuma miezi mitatu: hedhi ya tarehe 10 Machi inatoa makadirio ya tarehe 17 Desemba. Baadhi ya vitabu huhesabu kuanzia siku mimba ilipotungwa, na hapo kila kitu kinachelewa wiki mbili; mkisoma "wiki ya 20" kwenye kitabu na kadi ya kliniki ina 22, mtaona mtoto amezidi kumbe hesabu mbili zimegongana. Kadi ndiyo inayofuatwa. Wakiwa na kipimo cha utrasaundi cha miezi ya mwanzo, hicho kinashinda hesabu ya kichwani.

Juu ya chakula sitasema mengi. Kama sura nzima ni samaki wa baharini na jibini, mtaisoma bure. Kinachowahusu ni dagaa, migebuka mkipata, maharage, karanga, matembele, mawese, na maziwa yaliyochemshwa. Maziwa mabichi hapana, hata yakitoka kwa mfugaji mnayemwamini, kwa sababu ng'ombe anaweza kuwa na brusela bila kuonekana mgonjwa, na ugonjwa huo unaweza kuharibu mimba. Na kwa kuwa mko Tabora, tafuteni neno asali: mama ajilie apendavyo, mtoto asilambishwe kabla ya kutimiza miezi 12, kwa sababu yaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuzizuia. Kuna bibi atakayekuja na kijiko. Muwe mmeshasoma.

Jambo ambalo huenda hutalikuta katika chochote kati ya vitabu hivyo ni tumbaku shambani. Majani mabichi, hasa yenye umande, hutoa nikotini inayopenya kwenye ngozi. Mchumaji hupata kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika, na kwa mjamzito watu husema ni mimba tu. Mkeo asichume, asibebe mafungu, asishinde kwenye bani la kukaushia, na wewe ukitoka shambani ubadili nguo kabla ya kukaa naye.

Ukikipenda kile kinene, jua vipimo vyake. Homa ya 100.4 kwao ni nyuzi 38 kwetu. Paundi 25 hadi 35 za kuongezeka uzito ni kilo 11.5 hadi 16, na hizo ni za mwanamke aliyeanza na uzito wa wastani. Wingi wa damu wa 110 katika vitabu vya Uingereza ndio 11 ya kwenye kadi, na chini ya hapo ni upungufu.

Sasa ushauri wangu. Chukua kile cha Kiswahili, kikipita kwenye kurasa za malaria, vidonge na dalili za hatari. Mkamwana wangu atakisoma mwenyewe, na siku mama yake akija naye atakisoma. Angalia kama mwandishi ametajwa na ni mkunga au daktari, au kama kimetoka Wizara ya Afya. Jalada la nyuma likiuza chupa za virutubisho, kiache. Kile kinene kina maelezo mazuri ya ukuaji wa mtoto wiki kwa wiki, mkiwa na fedha ya ziada mtafurahi nacho, ila msikitegemee. Lile faili lifute. Halina jina la mwandishi wala mwaka, na ule ukurasa ulioninakilia, wa dawa ya mizizi ya kuharakisha uchungu, unatosha kulihukumu. Dawa hizo hubana mji wa mimba bila kipimo. Mtoto hukosa hewa, na mji wa mimba unaweza kupasuka. Hakuna anayejua kiasi kilichomo kwenye kikombe.

Mkishanunua, ndani ya jalada andikeni kwa kalamu ya wino tarehe ya hedhi ya mwisho, makadirio ya kujifungua, kundi la damu, jina la kituo mtakachokwenda na simu ya mwenye gari. Chini yake andikeni 115, namba ya bure ya m-mama kwa usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kitabu kikae pamoja na kadi ya kliniki, mahali ambapo hata jirani ataambiwa akakipata.

Kabla hujalipa, nipigie picha zile kurasa tatu unitumie. Nikiona kosa nitakuambia ni lipi, na huenda likawa dogo la kusahihisha kwa kalamu pembeni. Na wiki ya 12 isipite hamjaenda kliniki, mwende wote wawili, vipimo vya VVU na kaswende mpimwe pamoja. Kitabu kinaweza kusubiri mshahara wa mwezi ujao.

Msalimie sana mkamwana wangu.

Mama yako