Jarida Hulipa Ngapi? Uliza Kwanza Picha Itabaki ya Nani

Vijana wanaoanza kushika kamera hawakosi kuniuliza: jarida hulipa ngapi? Huwatajia kazi yangu ya kwanza. Shilingi 30,000, kurasa sita, makala ya mafundi wa milango ya Lamu. Nilifurahi hadi nikamnunulia mama leso kwa deni.

Sasa piga hesabu nami. Basi la Mombasa hadi Mokowe na boti ya kuvuka, kwenda na kurudi, 4,000. Lenzi ya kukodi, 5,000. Malazi 5,000, chakula 2,000, na kijana wa kunishikia rifleka, ubao wa kurudisha mwanga, ndani ya karakana yenye giza, 1,500. KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, nao wana kodi yao ya zuio, asilimia 5, iliyokatwa kabla pesa hazijanifikia: 1,500 nyingine. Zikabaki 11,000 kwa siku sita, maana kuhariri nako ni kazi. Hazifiki elfu mbili kwa siku! Na nilizingoja miezi minne, kwa kuwa walikuwa wakilipa toleo likishatoka, na toleo likasogezwa mara mbili.

Hilo nililimeza. Kilichonikaa kooni ni kalenda. Mwaka uliofuata niliingia hoteli moja kupiga picha za harusi (harusi ndizo zinazonilipia nyumba, nisiwadanganye), nikaikuta ukutani, mwezi wa Machi: mikono ya mzee fundi, patasi, vumbi la mbao ya mbambakofi. Picha yangu. Jarida lilikuwa limewauzia wenye kalenda.

Nilipopiga simu niliambiwa kwa upole nikasome sheria. Nikasoma. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi ukiagizwa, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Makubaliano yangu yalikuwa ujumbe mmoja wa WhatsApp: "Sawa boss."

Siku hizi kabla ya bei nauliza nauli ni ya nani, na malipo ni lini. Kisha naandika, kabla sijatoka nyumbani: "Picha ni za toleo hili pekee, hakimiliki inabaki kwa mpiga picha." Mhariri mmoja alikataa, tukaachana. Wengine hushusha bei, nami hukubali. Kuna picha yangu ya jahazi niliyolipwa 8,000 tu na jarida. Tangu hapo nimeiuza mara tatu. Ya mwisho ilikuwa 25,000, kwa watu wa kalenda.