Dikoda inakatakata kwenye iPod: angalia hesabu zako kwanza

Ndugu yangu, unasema dikoda yako (programu inayofungua faili la wimbo lililobanwa ili lichezwe) inacheza safi kwenye kompyuta, lakini ukiiweka kwenye iPod Video yenye Rockbox, yaani programu huria inayochukua nafasi ya ile ya asili ya kichezaji, wimbo unakatakata. Diski haina kosa hapo. Prosesa yake ni ya ARM7TDMI, inakimbia kama 80 MHz, na haina sehemu ya kukokotoa namba za nukta elea, yaani namba zenye desimali. Kila float (namba ya aina hiyo) uliyoandika inaigizwa kwa msururu wa maagizo ya namba kamili, na wimbo hausubiri.

Dawa ni kugeuza hesabu zote ziwe za namba kamili. Kila namba izidishe kwa 65,536: 1 uiandike 65,536; basi nusu inakuwa 32,768. Ukizidisha namba mbili za hivyo, jibu liweke kwenye biti 64 kwanza, kisha lisogeze kulia biti 16. Ukisahau hizo biti 64, utasikia mikwaruzo ambayo utaitafuta wiki nzima (mimi niliitafuta mbili). Soma kodi ya Tremor, dikoda ya Vorbis (muundo mmoja wa faili za sauti) isiyotumia nukta elea, uone wenzako walivyofanya.

Ikibaki nzito bado, majedwali na vitanzi vinavyorudiwa sana vipeleke kwenye kumbukumbu ya ndani ya chipu kwa IDATA_ATTR na ICODE_ATTR, alama za Rockbox unazoziandika ndani ya kodi. Ni ndogo, usijaze ovyo.

Halafu usidanganywe na simuleta, yaani Rockbox inayoendeshwa kwenye kompyuta: inatumia prosesa ya kompyuta yako, kwa hiyo kasi yake haina maana. Pima kwa test_codec, programu ya Rockbox ya kupima kasi ya dikoda, kwenye iPod yenyewe. Chini ya asilimia 100 ya kasi halisi ya wimbo unapochezwa, bado hujafika.