Mdundo hauna kesi, ubeti wa pili umekwenda wapi?

Mmeuliza: msanii akibadili muziki wake, shabiki ana haki ya kulalamika? Nitajibu kwa Diamond Platnumz, maana tangu aanze kuchezea amapiano, muziki wa dansi wa Afrika Kusini, mtaani kwetu hakukaliki. Hawa wanasema kaitupa Bongo Fleva kawafuata Wasauzi, wale wanajibu kuwa hizo ni nongwa za wasiojua kucheza.

Haki tunayo, bando tunanunua wenyewe. Ila wenzangu wengi wamemkamata mtu asiyehusika.

Midundo ya kuazima hakuianza jana. Alipotoa Number One mwaka 2013, kisha akamwingiza Davido kwenye remix, tuliambiwa kahamia Naijeria. Mwaka 2015 akaimba Nasema Nawe na Khadija Kopa, mwambao mtupu, na kumbi za harusi zikampokea. Mwaka 2020 akaja na Koffi Olomide kwenye Waah!, tukakata viuno bila kumuuliza pasipoti. Iyo, ya amapiano, ilipotoka 2021, akiwa na akina Focalistic wa Afrika Kusini, ndipo ghafla tukakumbuka uzalendo. Jamani, Bongo Fleva yenyewe ilianza kwa vijana kurap juu ya biti za Wamarekani. Tukianza kudaiana midundo tutaumbuka.

Kinachoniuma mimi ni maneno. Chukua Nataka Kulewa: kabla hajagusa glasi anakueleza aliyemfikisha hapo na alivyomtenda. Au Kesho: mtu anajiandaa kumpeleka mchumba kwa mama, na wewe msikilizaji unashikwa na kiherehere kana kwamba mkwe anakuja kwenu. Ubeti wa kwanza unafungua kisa, wa pili unakikoroga, na kiitikio kikirudi mara ya tatu kina uzito ambao mwanzo hakikuwa nao. Hapo ndipo alipotunasa wengi wetu, tukamsamehe hata mavazi.

Amapiano haina nafasi hiyo, na siilaumu. Ulizaliwa vitongojini Gauteng, muziki wa kucheza hadi kuchwee, kuche. Biti linaingia taratibu, besi ndiyo inayozungumza, mwimbaji anarusha vijineno viwili vitatu kisha anawapisha wachezaji. Komasava ya 2024 ni salamu za lugha za watu, basi, na shughuli gani mwaka ule haikupigwa? Hata mashangazi wanaolalamikia magoti walinyanyuka. Lakini aliyeachwa usiku wa manane hawezi kujifariji kwa salamu.

Kwa hiyo lawama yangu ni ndogo: aazime mdundo popote, ila asitubanie kisa. Kwani Waah! ilikuwa na kisa gani? Hakikuwapo, nakubali, lakini enzi hizo wimbo wa kucheza ulikuwa mmoja kati ya kadhaa. Siku hizi ndio umekuwa chakula cha kila siku.

Juzi nilikuwa nayasema haya kinyozini, kijana mmoja akanikatisha: "Anko, nyimbo za kulialia zimeshapitwa." Nikamtajia Yatapita, ya juzijuzi tu, 2023, taratibu kabisa, mtu na mpenzi wake wanafarijiana na ugumu wa maisha. Kumbe anaijua yote. Akaiimba na mikono juu, ubeti kwa ubeti, mpaka kinyozi akazima mashine na kumwambia achague: kuimba au kunyolewa.

Msomaji wenu, Temeke