Mmeshakubaliana kuachana, wakili wa nini tena?

Dada, umeuliza kama kuna haja ya kumlipa wakili binafsi wa mambo ya familia ilhali wewe na mumeo mmeshakubaliana kuachana kwa amani. Mimi nasema ipo. Kusimama mbele ya hakimu ni sehemu ndogo tu ya kazi yake. Muda mwingi anautumia kwenye makaratasi: hati ya nyumba, taarifa za benki, mikopo, mafao ya uzeeni, halafu kuandika makubaliano yatakayosimama hata siku ambayo hamsemeshani. Kwenye madeni na mafao ndipo wengi huumia. Wanagawana vyombo na gari, mkopo wenye saini za wote wawili unasahaulika, na benki haijali kama mmeachana.

Kuhusu watoto, usiende ukiwaza nani atashinda. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 3, unataka masilahi ya mtoto yapewe uzito wa kwanza. Wakili mzuri atakuuliza nani huamka mtoto akiugua, kabla hajakuuliza makosa ya mumeo.

Ila nakusihi sana, msitumie wakili mmoja nyote wawili, hata kama ni nafuu. Wa mumeo akiandika makubaliano, wako ayasome kabla hujatia saini. Na umweleze yote, hata yanayokuaibisha. Kutunza siri zako ni wajibu wake.